Uchovu Usiokwisha Safarini

Wengi wetu tu watu wa safari. Wako wanaoshuka na tangawizi kutoka Mamba Myamba, wakazunguka masokoni mwezi mzima. Wako wazee wanaofuata watoto walioajiriwa mbali, leo Dodoma, juma lijalo Mwanza. Siku za kwanza mtu huchoka, hulala, huamka mzima. Lakini safari ikirefuka huja uchovu wa namna nyingine: mtu huamka amechoka vile vile alivyolala. Huo ndio tutakaojifunza habari zake leo.

Mwezi Mei 1873 Dk. David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuchukua mwili wake kwa miguu zaidi ya kilomita 1,600, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Sisi huusifu mwendo wao, tukasahau vituo vyao. Siku chache tu baada ya kuondoka, msafara uliugua, wengi wakashindwa kuendelea, na wanawake wawili wakafariki. Susi mwenyewe alikuwa hoi. Wenzake hawakumwacha wala hawakumburura. Walingoja yapata mwezi mmoja, ndipo wakaendelea. Kungoja hakukuiharibu kazi yao.

Sisi hatukuwa na hekima hiyo. Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, tulizunguka vijijini majuma sita kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Mwaka mmoja tulifuatana na mwalimu kijana, mzaliwa wa huku milimani. Juma la tatu, tukiwa tambarare, alianza kusinzia na kuomba apumzike. Tulimwambia mbele ya wanachuo kwamba uchovu ni kisingizio cha wavivu. Akajikaza siku nne. Siku ya tano alianguka mlangoni mwa darasa. Alipopimwa alionekana ana malaria, na damu imempungukia sana. Alipona, nasi tukamwomba radhi, lakini hakusafiri nasi tena. Neno likishatoka kinywani halirudi.

Hata nabii Eliya, alipochoka njiani hata akatamani kufa, hakukemewa. Alilala, akapewa mkate na maji, akalala tena, akala tena, ndipo akaenda mwendo wa siku 40 mpaka Horebu. Basi tushike mambo manne:

1. Kulala. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Usingizi wa kuketi ndani ya basi haulingani na wa kitandani. Ukisafiri usiku kucha, usipange kazi nzito kesho yake. Na dereva akisikia usingizi, asimame, asijikaze.

2. Kupumzika kabla ya kuanguka. Katika kila juma tenga siku moja usiyosafiri wala kufanya biashara. Siku hiyo si hasara.

3. Kula na kunywa. Msafiri hushinda kwa chai na maandazi, kisha hushangaa miguu imelegea. Tafuta maharage, mboga za majani na matunda. Ukishuka kutoka baridi ya Chome mpaka joto la Same, jasho huongezeka. Kunywa maji mara kwa mara.

4. Kupima. Ukilala na kula vema siku kadhaa na uchovu usiondoke, nenda zahanati. Huenda ni malaria, upungufu wa damu, kisukari au ugonjwa mwingine. Ukiwa na homa, usingoje hata siku moja. Sisi wa milimani tuangalie zaidi, maana huku juu malaria ni haba kuliko tambarare, na miili yetu haikuizoea. Chandarua kiwe mzigo wa kwanza kufungwa.

Tena tusiwahukumu wenzetu. Mvivu huchagua kazi ya kuikimbia. Mgonjwa hushindwa hata na ile aipendayo. Yule kijana alipenda sana kufundisha, nasi tulilijua hilo. Ingetupasa kumwuliza kabla ya kumkemea.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini Susi na Chuma walifika, ingawa walikawia?
(b) Mwenzako akisema amechoka kila siku, utamwuliza nini kwanza?
(c) Ni nani nyumbani kwako aliyechoka siku nyingi, wala hajapimwa?