Usukani wa Lori Ukianza Kucheza

Vikundi vingi vya wakulima huku kwetu hununua lori kuukuu, Bedford, Isuzu TX au Canter, kwa sababu ndilo mfuko wa kikundi unaloliweza. Linabeba mahindi, mbolea na mchanga, na siku ya mazishi linabeba watu. Baada ya muda dereva anasema, "Usukani unacheza." Anauzungusha kidogo na magurudumu hayasikii.

Hapa Eldoret penye tambarare pengine mtazoea. Lakini lori hilo hilo likishuka na mzigo kutoka Iten kwenda Tambach na Biretwo, kona ni kali na bonde liko ubavuni. Huko usukani unaochelewa kidogo tu unaweza kuua.

Fundi mwenye haraka atafanya nini? Kwenye boksi ya usukani kuna skrubu yenye nati. Ataikaza, usukani utakuwa mgumu, mtamlipa na kwenda zenu. Msikubali aanzie hapo! Meno ya boksi huliwa zaidi katikati, kwa sababu lori hutembea moja kwa moja kuliko kukata kona. Skrubu ikikazwa mpaka katikati pashike, pembeni panabana kupita kiasi. Dereva akikata kona, usukani unakwama na haurudi wenyewe. Na kama ubovu uko kwenye kiungo cha chini, bado uko pale pale.

Basi tafuteni wenyewe kwanza. Kazi hii ni ya watu wawili na haina gharama. Simamisheni lori mahali tambarare, magurudumu yaangalie mbele, wekeni mawe kwa magurudumu ya nyuma. Mmoja azungushe usukani polepole mpaka gurudumu la mbele litake kusogea, atie alama ya chaki, kisha azungushe upande wa pili vivyo hivyo. Pimeni kwenye ukingo wa usukani. Sheria ya Marekani kwa malori hairuhusu zaidi ya inchi 2½ kwa usukani wa inchi 20 usiosaidiwa na pampu ya mafuta. Hicho ni kipimo kizuri hata kwetu.

Sasa mmoja autikise usukani kushoto na kulia, mwingine alale chini afuate mwendo kiungo kwa kiungo. (Kama kuna pampu, injini iwashwe, na aliye chini atumie macho tu, asiingize mikono.) Je, boksi yenyewe inasogea kwenye chesi? Bolti zimelegea, au chesi imepasuka, jambo la kawaida kwa lori la barabara mbovu. Je, chuma kinachoingia kwenye boksi kinazunguka lakini mkono unaotoka unangoja? Hapo boksi ndiyo mbovu. Kisha angalia vichwa vya zile fito ndefu. Upande mmoja wa kiungo ukisogea na mwingine ukingoja, mmempata mwizi.

Bado kuna magurudumu. Pigeni jeki mbele, mweke gogo imara chini ya ekseli, msitegemee jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Kama kucheza kunaisha, ni beringi. Kama kunaendelea, ni kingpini na bushi zake. Lori likiyumba na usukani hauchezi, tazameni bolti zinazofunga springi kwa ekseli, na upepo wa tairi.

Kichwa cha fito kilicholika hubadilishwa, hakichomelewi. Baada ya kukibadilisha, magurudumu yapimwe upya yasimame sawa, la sivyo tairi mpya zitaisha upesi. Kingpini zinataka grisi mara kwa mara, hasa wakati wa matope, mpaka ile ya zamani itoke. Ukaguzi wa NTSA wa kila mwaka hautoshi, maana kiungo kinaweza kulegea mwezi unaofuata.

Ya kujadiliana kikundini:

Katika kikundi chenu, ni nani ana ruhusa ya kusimamisha lori: dereva, mwenyekiti au kamati?

Mahindi yamevunwa, mvua inakuja, na dereva anasema usukani unacheza. Mtamjibu nini?