Nailoni ya Kitalu Nyumba Penye Baridi

Katika nyanda za juu za Njombe, usiku wa Juni na Julai usio na mawingu huweza kuleta jalidi iunguzayo miche. Mkulima ajijengeaye kitalu nyumba cha miti hudhani kwamba nailoni nene ndiyo ihifadhiyo joto. Kumbe unene huongeza uimara tu. Udongo uliopata joto la jua huitoa usiku mionzi ya joto isiyoonekana. Kioo huizuia, lakini polithini ya kawaida huiachia ipite kwa wingi. Kwa hiyo, usiku mtulivu, hewa ya ndani yaweza hata kuwa baridi kuliko ya nje!

Kinachosaidia ni tabaka mbili zilizoachana sentimita chache, kwani hewa iliyotulia katikati ni kipitishi dhaifu cha joto. Zikigusana, faida hupungua.

Tena, mionzi ya urujuanimno huzikata molekuli ndefu za polithini, na nailoni ya kawaida hupasuka mapema, hasa inapogusa mti wenye joto. Afadhali ile iliyotiwa dawa ya kuikinga mionzi hiyo, yenye unene wa milimita 0.2, ijapokuwa ni ghali.

Wanafunzi waweza kufunika makopo mawili ya maji moto, moja kwa tabaka moja, jingine kwa mbili zilizoachana, kisha wasome vipimajoto kila baada ya dakika 10.