Msimbo wa Kutokea na Mlango wa Programu: Mfano wa Python

Makala haya yanachunguza msimbo wa kutokea, yaani namba ambayo programu humwachia aliyeiita inapomaliza kazi. Katika mifumo ya jamii ya Unix namba hiyo huwa kati ya 0 na 255. Sufuri huashiria kufaulu. Jambo hili huwatatiza wanafunzi, maana shuleni sufuri ni aibu. Lakini kufaulu kuna namna moja, ilhali kushindwa kuna sababu nyingi, na kila sababu yaweza kupewa namba yake. Hata hivyo, si kila namba nyingine ni msiba: grep hutoa 1 isipopata neno linalotafutwa, na 2 penye kosa hasa.

Tuchukue programu inayonakili kumbukumbu za maktaba kila usiku. Fanksheni yake kuu, main, hurejesha True nakala ikikamilika, na False isipokamilika. Programu ikisakinishwa kwa utaratibu wa console_scripts, hutengenezwa faili dogo linalotekeleza sys.exit(main()). Kwa kuwa katika Python True ni sawa na 1 na False ni sawa na 0, nakala iliyokamilika hutangazwa kuwa imeshindwa, na iliyokwama hupokewa kuwa salama. Kosa hili walau halifichiki, kwani msimamizi ataarifiwa kila asubuhi juu ya kushindwa kusikokuwepo.

La hatari zaidi ni pale faili la programu linapoendeshwa lenyewe, na mstari wake wa mwisho ni main() pekee. Jibu la fanksheni hutupwa, na msimbo huwa 0 hata kama hakuna kilichonakiliwa. Hakuna atakayeshtuka mpaka diski iharibike na nakala zitafutwe.

Dawa ni kuifanya main irejeshe namba, 0 au nyingine iliyokusudiwa, na kuandika sys.exit(main()) katika milango yote miwili. Ikirejesha matini badala ya namba, matini hayo huchapishwa kwenye mkondo wa makosa na msimbo huwa 1. Haifai kurejesha idadi ya makosa: hubaki biti 8 tu, hivyo makosa 256 husomeka kuwa 0. Namba 126 na 127 ziachiwe sheli, ambayo huzitumia kwa amri isiyotekelezeka na amri isiyopatikana.