AMRI YA KURUKA NDANI YA MASHINI: INAFAA AU HAIFAI?

Ndugu mfanyakazi, wewe unayepita kila siku karibu na mkanda wa kupeleka mawe, somo la leo ni lako, hata kama hukusomea umeme.

Zamani mkanda uliongozwa na kabati la rilei. Fundi alifungua mlango akafuata waya kwa kidole. Waya wa kifungo chekundu ulikuwa pale usiku na mchana. Leo katika viwanda vingi otomati imechukua nafasi ya kabati lile. Otomati inasoma maagizo yaliyoandikwa, yaani programu.

Inafanya kama sentineli wa usiku. Sentineli anaanza mlango wa 1, anafika wa 10, kisha anaanza tena. Otomati inatazama vifungo, inasoma mistari toka juu hadi chini, inatuma amri kwa mota, halafu inarudia, mara nyingi katika sekunde moja.

Sasa mwambie sentineli: mvua ikinyesha, toka mlango wa 3 uende moja kwa moja wa 8. Taa aliyoiwasha mlango wa 5 itabaki inawaka mpaka asubuhi. Mwizi akiwa mlango wa 6, nani atamwona? Hiyo ndiyo amri ya kuruka, ambayo mafundi wanaiita goto. Katika otomati nyingi mistari iliyorukwa haisomwi kabisa, na mota iliyokuwa ikizunguka inaendelea kuzunguka. Ikiwa mstari wa kusimamisha umo kati ya hiyo, mwenzako aliyenaswa mkono atabonyeza kifungo bure.

Kuruka kurudi nyuma ni kubaya zaidi: otomati inaweza kuzunguka mahali pamoja isimalize mistari yake. Kwa bahati njema ina saa ya kuilinda, nayo huisimamisha ikichelewa mno.

Ubishi huu si wa jana. Mwaka 1968 Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika kwamba goto inamfanya mtu ashindwe kufuata programu inakwenda wapi. Mwaka 1974 Mmarekani Donald Knuth alionyesha kwamba mahali pengine inasaidia. Wote wawili walikuwa wakisema juu ya kompyuta za hesabu. Hapakuwa na mkono wa mtu chini ya mkanda. Kwetu sisi, fundi akitaka kuruka sehemu ya pampu ya akiba, azime kwanza pampu hiyo, halafu aruke mbele tu. Mistari ya usalama isirukwe hata siku moja.

Tena kifungo chekundu kisitegemee programu peke yake. Waya wake ukate nguvu ya mota wenyewe. Muulize fundi wako: nikibonyeza hapa, ni waya unaokata au ni programu? Fundi mzuri hatakasirika.

Na kabla ya kuingiza mkono kusafisha, kata umeme kwenye kabati, weka kufuli lako, ufunguo uwe mfukoni mwako, kisha jaribu kuwasha uone kama kweli mashini imekufa.

Nawe mama, ukifua overoli ukakuta ufunguo mdogo, mwamshe bwana hata kama amelala. Kufuli lake limebaki kazini, na watu wa zamu ya usiku wanatafuta msumeno wa kulikata.