Benchi la Kliniki Lina Kazi: Vidokezo 9 kwa Wazazi wa Mvita

Mwenye mtoto mdogo hapa Kisiwani Mombasa anaijua safari hii. Unatoka Kibokoni au Kuze kabla jua halijawa kali, mtoto umemfunga kwa leso, kitabu cha kliniki kimo mkobani. Unafika kliniki ya Mvita, Ganjoni au Tudor, unakuta benchi limeshajaa. Unangoja saa moja, pengine mbili. Halafu mtoto anapandishwa mizani, anadungwa sindano, analia, tarehe ya kurudi inaandikwa. Dakika tano, kwisha.

Nimeyakalia mabenchi hayo nikiwa mama, na sasa nayakalia nikiwa nyanya. Kwa miaka yote hiyo nilizihesabu zile dakika tano kuwa ndiyo kliniki, na zile saa mbili kuwa hasara. Leo naona nilikosea. Saa hizo ni za mtoto, na mengi ya kumjenga yanaweza kufanyika papo hapo, bila kungoja jengo jipya. Vidokezo vyangu ni hivi.

1. Hesabu arobaini, kisha ongeza siku mbili

Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa, anapikiwa, anapumzishwa. Ni mila nzuri na sitaki mtu aivunje. Tena imekaribiana vizuri na ratiba ya chanjo: wiki ya 6 hutimia siku ya 42. Basi matembezi ya kwanza ya mtoto baada ya arobaini yawe ya kliniki, kabla ya kumpeleka kwa mashangazi. Siku hiyo anapata chanjo ya pentavalenti inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib. Anapata pia matone ya polio, ya rota, na sindano ya kukinga nimonia. Hurudi wiki ya 10 na ya 14. Surua na rubela ni mwezi wa 9, kisha mwezi wa 18. Hiyo ya mwezi wa 18 ndiyo wengi huisahau, maana mtoto keshaanza kukimbia na sote tunamwona mzima.

Lakini arobaini isigeuke kufuli. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, na matone ya kwanza ya polio ni ya mtoto anapozaliwa; aliyejifungulia nyumbani asingoje. Mama na mtoto pia wanapaswa kuangaliwa ndani ya saa 48 za mwanzo, na tena katika wiki ya kwanza au ya pili. Damu ikizidi, homa ikipanda, mtoto akiwa wa manjano au akikataa ziwa, ondokeni hata kama ni siku ya tano. Mkubwa wa nyumba akisita, mwambie kwa adabu: “Nyanya, nitajifunika vizuri, tuktuk itatuchukua mlangoni, na kabla ya adhuhuri tutakuwa tumerudi.” Sijamwona nyanya anayempenda mjukuu wake akalikataa neno kama hilo.

2. Tia kifuu mkobani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye faida kubwa na ndipo tunapopapuuza.

Miaka ya 1980, mjini Kingston, Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuata watoto 129 waliodumaa. Baadhi waliongezewa lishe. Baadhi walitembelewa kila wiki na mhudumu wa afya aliyemfundisha mama kucheza na mtoto wake kwa vitu vya kutengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, wale waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao. Dawa yao ilikuwa michezo na maneno.

Wengine wakauliza: je, pasipo watu wa kutembelea nyumba kwa nyumba? Wakaenda kwenye vyumba vya kungojea vya kliniki za umma za Jamaika, Antigua na St Lucia. Kina mama wakingoja zamu, walionyeshwa filamu fupi za mzazi akizungumza na kucheza na mtoto. Mhudumu akaongoza mazoezi pale pale, na muuguzi akarudia ujumbe wakati wa kupima. Ilikuwa mara tano tu, kati ya mwezi wa 3 na wa 18, siku zile zile za kliniki za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: akili za watoto hao zilikuwa zimechangamka kuliko za wenzao. Hapa kwetu Kenya, kaunti ya Siaya imewahi kuweka masanduku ya michezo kwenye sehemu za kungojea, na wahudumu wakawaongoza wazazi namna ya kuyatumia.

Basi nawe beba sanduku lako dogo. Vifuu viwili vya nazi vilivyosuguliwa vikawa laini vinagongana vizuri. Chupa ndogo yenye kokoto, kifuniko kikiwa kimekazwa sana, ni kayamba. Kipande cha leso nyekundu kinatosha kwa mchezo wa kujificha uso. Vikombe vitatu vya plastiki vinaingiana. Chochote kinachoweza kupita kooni kiache nyumbani. Mtaje mtoto vitu anavyoviona: paka, mlango, sista, kofia ya yule babu. Mtoto wa miezi mitatu hajui “kofia” ni nini, lakini anakutazama mdomo, anakujibu kwa sauti zake, nawe mjibu tena. Hayo ndiyo mazungumzo yake ya kwanza.

Simu iwekwe. Najua foleni ni ndefu. Iwekwe.

3. Kisome kitabu cha kliniki chote

Wengi wetu tunaujua ukurasa wa chanjo na ule wa mstari wa uzito. Fungua kurasa nyingine, utakuta hatua za ukuaji: kutabasamu akitabasamiwa, wiki 4 hadi 6; kukaza shingo, mwezi 1 hadi 3; kugeukia sauti, miezi 2 hadi 3; kukaa, miezi 5 hadi 9; kusimama, 7 hadi 13; kutembea, 12 hadi 18; kuzungumza, 9 hadi 24.

Mtoto akichelewa, tusijifariji kwa “hata babake alichelewa.” Pengine ni kweli, pengine ni masikio. Mtoto asiyesikia akigunduliwa mapema husaidika zaidi kuliko akigunduliwa akiwa darasa la kwanza. Kliniki ikiona haja, itaandika barua ya kumpeleka hospitali ya Coast General. Ichukue barua hiyo, uende.

4. Fika na swali moja, uliulize kabla ya sindano

Mtoto akishadungwa, kilio kinajaa chumba na kila mtu anataka umalize utoke. Kwa hiyo swali litangulie. Moja tu, ulilolifikiria nyumbani: “Sista, mstari wa uzito umelala miezi miwili, nimuongeze nini?” Au: “Bado hageuki nikimwita, ni kawaida?” Swali la namna hiyo ni rahisi kulijibu hata kukiwa na watu arobaini nyuma yako.

Na mama, ikiwa mwenye kuumwa ni wewe, sema. Kama hulali hata mtoto akilala, kama unalia bila sababu, kama unamtazama mwanao na huhisi kitu, huo ni ugonjwa unaowapata wazazi wengi na una tiba. Hauna uhusiano na udhaifu wa imani.

5. Simulia ugonjwa kwa hesabu

“Mtoto hajisikii vizuri” haimsaidii sista. “Ameendesha mara sita tangu adhana ya alfajiri, na amekojoa mara moja” inamsaidia sana. Akikohoa, mvue fulana akiwa ametulia, washa saa ya simu, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka kupita kiasi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Chini ya miezi 2 ni 60 au zaidi.

Na kuna yasiyongoja foleni: mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka. Hapo simama, pita mbele, sema kwa sauti. Watu wa Mvita watakupisha.

6. Nyanya aje, na baba aje

Mafunzo ya lishe humfikia mama, kisha mama anarudi nyumbani ambako sufuria ni ya mtu mwingine. Mlete huyo mwenye sufuria. Akae, asikie kwa masikio yake kwamba kwa miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama yanatosha, hata katika joto letu hili la Januari, na kwamba maji na gripe water havihitajiki.

Kuna mawili ya kwetu hasa ambayo ni afadhali nyanya ayasikie kutoka kwa sista kuliko kutoka kwa mkaza mwana. Asali kabla ya mwaka mmoja ni hatari, maana inaweza kubeba viini vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto. Na wanja wa manga machoni mwa kichanga uachwe: aina nyingi zina madini ya risasi, nayo huudhuru ubongo unaokua.

Baada ya miezi 6, nyanya ana kazi kubwa, na anaiweza kuliko sote. Samaki aliyechambuliwa miiba, mchicha wa nazi uliopondwa, boga, ndizi mbivu, mbaazi zilizosagwa, yai. Uji mtupu hauwezi kumkuza mtoto peke yake. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kwa jirani zetu wa Kilifi ilikuwa asilimia 37, kiwango cha juu kabisa nchini.

Baba naye asibaki nje kwenye tuktuk. Aingie, amshike mtoto wakati wa sindano, ajue tarehe ya kurudi.

7. Tahadhari na maji ya mtungi

Tunanunua maji ya mkokoteni na wengine tuna visima vya chumvi uani. Mtoto akiharisha, pakiti ya ORS ichanganywe na maji matamu yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya kisima yenye chumvi yataifanya dawa iwe na chumvi kupita kiasi. Ziwa liendelee. Vidonge vya zinki vitolewe siku zote atakazosema sista, 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

8. Jua ni nini hulipii, na uulize kabla ya kutoka

Ada katika dispensari na vituo vya afya vya umma ziliondolewa Juni 2013. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na huduma za msingi katika vituo hivyo hugharamiwa na mfuko wa serikali. Jisajili kwa *147#, uwaandikishe na watoto. Ukiombwa pesa ya chanjo, omba kwa upole uonyeshwe ubao wa huduma ukutani.

Dawa na chanjo huadimika wakati mwingine. Mwaka 2025 BCG na polio zilikuwa adimu nchini. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa zaidi ya 100,000 nchi nzima Septemba 2023, wako mtaani kwako. Chukua nambari ya simu ya huyo wa mtaani kwako. Ulizia kabla hujapoteza asubuhi. Ukikosa chanjo leo, rudi. Tarehe iliyopita haimaanishi mtoto keshaikosa moja kwa moja.

Mhamasishaji anao pia utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kijani ni salama. Manjano ni onyo. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni safari ya kliniki siku hiyo hiyo.

9. Fika kwenye kikao cha bajeti

Chini ya Katiba ya 2010, vituo hivi ni vya kaunti. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Tangu 2023 kuna pia sheria inayotaka fedha zinazopatikana kituoni zibaki kituoni. Kwa hiyo wanakamati wa dispensari yako wana la kuamua, nao ni majirani zako.

Sipendekezi tuombe makubwa kwanza. Tuombe mkeka safi kwenye kona ya chumba cha kungojea, sanduku la michezo linalooshwa kila jioni, na mhamasishaji mmoja wa kukaa na kina mama asubuhi ya kliniki na kuwaonyesha. Tuombe benchi lenye kivuli. Zaidi ya yote, tuombe sista wa pili siku za chanjo, kwa sababu sista aliye peke yake na watoto sitini hana dakika ya kujibu lile swali la kidokezo cha nne, hata awe na moyo gani.

Lakini mkeka hauna haja ya kungoja Aprili. Ninyi mnaokwenda Mvita, Ganjoni na Tudor wiki hii, mmoja abebe mkeka, mwingine vifuu. Mwombeni sista ruhusa, mtandike, muwaweke watoto chini wacheze.