Bizimu Iliyolala Shambani

Somo letu la mwezi huu lahusu kitu kidogo kiwezacho kulala katika kiganja cha mkono, nacho ni bizimu. Bizimu ni pini ya pambo. Upande wa mbele hupambwa, na upande wa nyuma ina sindano na kikulabu cha kuishika, ili vazi lisifunguke begani. Zamani watu wengi wa Ulaya, wake kwa waume, walifunga mavazi yao kwa bizimu. Maskini alitumia ya shaba au ya chuma, na tajiri ya fedha au ya dhahabu.

Mtu wa Musoma au wa Bunda aweza kuuliza, "Jambo hili latuhusu nini?" Latuhusu, maana nchi yetu ni nchi ya dhahabu. Buhemba na Kiabakari, katika wilaya ya Butiama, zilichimbwa tangu zamani za utawala wa Waingereza. Siku hizi wachimbaji wadogo wengi wa Tanzania hutafuta kwa chombo kiitwacho detekta. Naye akishikaye hajui kama kitakacholia chini ya mguu wake ni punje ya dhahabu, au msumari, au kazi ya mikono ya watu waliokufa zamani.

1. Jinsi chombo kifanyavyo kazi

Mwisho wa fimbo yake pana duara la waya. Umeme wa betri hupita katika waya huo, na nguvu ya sumaku huingia ardhini. Ikikuta dhahabu, fedha, shaba au chuma, huamsha umeme mdogo ndani ya kitu hicho. Ishara yake hurudi juu, na chombo hulia. Kitu kidogo kama pini hakisikiwi kikiwa chini sana. Basi, chombo chasema neno moja tu: "Hapa pana kitu." Hakisemi kitu hicho ni cha nani, wala ni cha miaka mingapi.

2. Habari ya Winchester

Mfano ujulikanao vizuri watoka mbali, katika nchi ya Uingereza. Mwaka 2000, katika shamba karibu na mji wa Winchester, mtu mmoja aliyetafuta kwa detekta alipata bizimu nne za dhahabu, mikufu miwili na vikuku viwili. Bizimu zile zilivaliwa mbili mbili, zimeunganishwa kwa mnyororo mwembamba. Umri wake ni wa miaka 75 hata 25 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo.

Mtu yule hakuzificha wala hakuziyeyusha, bali alitoa habari. Wataalamu wa Makumbusho ya Uingereza wakaenda kuchimba palepale. Hawakuona kaburi wala nyumba. Hata kukosa huko kulikuwa ni habari, maana walijua ya kuwa hawana sababu ya kusema vitu hivi vilizikwa pamoja na maiti. Nayo mikufu ilionyesha ufundi wa masonara wa nchi za Bahari ya Kati.

Sasa tupime. Uzito wa vyote ulikuwa gramu 1,160 hivi. Kwa bei ya dhahabu ya mwaka ule uzito huo haukufika paundi 8,000. Lakini vilikadiriwa kuwa na thamani ya paundi 350,000. Je, tofauti hiyo ilitoka wapi? Haikutoka katika dhahabu. Ilitoka katika kazi ya fundi na katika habari za kale. Sonara hulipa kwa mizani, na moto wake ukiisha kuyeyusha, hayo mengine hayarudi kamwe.

3. Habari ya Mtambwe Mkuu

Kwetu Tanzania pia tunao ushahidi. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Sarafu za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa pwani, lakini hazikuwa na mwaka. Dinari zilikuwa na mwaka. Kwa kuwa zilionekana pamoja, wataalamu waliweza kujua ya kuwa sarafu za fedha ni za karne ya 11. Kama mtu angalichukua dhahabu na kuitupa fedha, majina yale yangalibaki bila wakati wake.

4. Yatupasayo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyofanywa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863. Avumbuaye kitu cha namna hii imempasa kutoa habari bila kukawia kwa mtu wa serikali au wa makumbusho. Huko Butiama yapo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Tena madini yaliyomo ardhini yana sheria yake, ya mwaka 2010, na atafutaye madini lazima awe na leseni.

Basi, jembe lako likigonga pambo la kale, acha kuchimba. Weka kigingi mahali pale, upime hatua toka mti au mwamba ulio karibu. Andika kina chake, na vilivyokuwa kando yake: vigae, shanga, mifupa au makaa. Usilisugue kwa mchanga wala kwa ndimu, maana kutu ya sindano huenda imeshika nyuzi za nguo ya mwenyewe.

Twajua ya kuwa shauri hili ni gumu kwa mtu ambaye watoto wake hawajala. Kwa hiyo waalimu wasimlaumu tu, bali wafuatane naye kwenda kutoa habari, asije akadanganywa na mnunuzi wa njiani.

Maswali ya kuulizana

1. Detekta yaweza kutuambia nini, na isiweze nini?
2. Kwa nini wataalamu walichimba tena mahali palipokwisha kutolewa dhahabu?
3. Dinari za Mtambwe Mkuu zilisaidiaje sarafu za fedha?
4. Katika kijiji chako, mtu akiokota kitu cha kale, aende kwa nani?