Mafunjo ya Mto Mara: Amana Inayohitaji Kupimwa

Ndugu msomaji, mtu akipokea amana yampasa kwanza aijue hali yake na kiasi chake. Maana asiyejua alichopokea hawezi kujua kilichopungua. Basi katika somo hili tuitazame ardhioevu ya Mto Mara, wanayoitegemea watu wengi wa Tarime, Serengeti, Rorya na Butiama.

Mto huu hutokana na mito ya Nyangores na Amala, ishukayo kutoka Mau nchini Kenya. Huingia Tanzania kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, ambako nyumbu huutegemea wakati wa kiangazi, kisha hutawanyika katika mafunjo kabla ya kufika Ziwa Victoria karibu na Musoma.

Je, mafunjo yana kazi gani? Mizizi yake husukana kama jamvi, mwendo wa maji ukapungua, tope likatua, na ziwa likapokea maji yaliyochujwa. Humo kambare na kamongo hupata maficho, na watu hupata mafunjo ya kufumia mikeka na kuezekea.

Machi 2022 maji ya mto huu yaligeuka meusi, samaki wakafa, na wananchi wakazuiwa kwa muda kuyatumia. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza, vilipunguza mno oksijeni majini. Watu wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Tunajifunza nini? Kwamba vipimo vya baada ya msiba peke yake havimalizi ubishi. Kipimo cha leo ndicho shahidi wa kesho.

Tupime nini basi? Kwanza, maji yenyewe: kina, rangi na oksijeni, mahali pale pale na katika kila majira. Pili, viumbe: samaki gani wapo, na mafunjo yamefika wapi. Yafaa ifahamike kwamba mafunjo kuenea si dalili njema daima. Huenda ni udongo wa mashamba ya juu uliosombwa na mvua na kutua bondeni. Tatu, matumizi: nani hulisha, nani hulima, nani hukata, na kwa kiasi gani.

Baada ya kupima huja kutunza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Mafunjo yakatwe kwa zamu, sehemu moja ikipumzika ili ichipue, wala yasichomwe moto.

Labda mtu atauliza: "Mfugaji aende wapi kiangazi?" Swali hili ni la haki. Kumfukuza tu si kutunza, kwani ng'ombe mwenye kiu atarudi usiku. Heri kijiji kikubaliane njia maalumu za kufikia maji, na mabirika yajengwe mbali na ukingo.

Tena, maji hayajui mpaka. Tangu 2012 Kenya na Tanzania huadhimisha pamoja Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, kwa kuwa akataye mti Mau humgusa mvuvi wa Kirumi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na ukingo ulio karibu nawe: uutazame, uandike ulichokiona, na mwakani ulinganishe. Huo ndio mwanzo wa kuilinda amana.